Mchanga Mweupe wa Mlima Nebo

"Amekupiga?"

"Hapana, Mama."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Analewa? Ana mwanamke pembeni?"

"Nimeshakwambia hapana, hapana, hapana!"

"Basi weka hilo sanduku chini, shika kisu umenye viazi," alisema Mama Hester, akatenganisha paja la kuku na mgongo wake kwa pigo moja. "Kama unamwacha mume leo, utamwacha watu wakishakula. Meza ya Mlima Nebo haijawahi kukosa saladi ya viazi ya kina Tolbert, na haitakosa leo kwa sababu ya Lonzo Vance."

Ardelia aliliweka sanduku karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kuliona. Akavuta kigoda, akaanza kumenya viazi kwa hasira, maganda manene kama anayechonga mpini.

"Unatupa nusu ya kiazi," mama yake akasema bila kugeuka.

"Vitabaki vya kutosha."

"Mh. Na mumeo Amos naye umemwambia hivyo?"

Jiko lilikuwa limewaka tangu alfajiri na mafuta ya nguruwe yalikuwa yakiunguruma kwenye kikaango cha chuma. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya kusafisha makaburi, na kila nyumba iliyozunguka kanisa la Mlima Nebo ilinuka kuku wa kukaanga. Adhuhuri watu wangeweka majembe chini, wanawe mikono, wakutane kwenye meza ndefu za mbao chini ya mierezi. Baada ya chakula, saa nane kamili, Lonzo Vance angeligeuza gari lake kuelekea kaskazini, na Ardelia angekuwa amekaa kando yake. Hivyo ndivyo walivyokubaliana Alhamisi nyuma ya duka la mbegu, wakiwa wamesimama mbalimbali ili atakayepita adhani wanazungumzia mvua.

"Alisemaje?" Mama Hester aliuliza.

"Nani?"

"Mumeo. Alipoliona sanduku."

Kisu cha Ardelia kilisimama. "Alisema nichukue koti la sufu. Eti Detroit kuna baridi."

Kuku alichachatika kwenye mafuta. Mama Hester alimgeuza kipande kwa kipande kabla ya kuuliza tena.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu! Mama, nimesimama mlangoni na sanduku mkononi. Nimemwambia nakwenda na mwanamume mwingine, na jina nikamtajia. Akanitazama. Akainuka, nikajua sasa atasema kitu, hata anitukane. Akaenda kabatini, akanitolea koti, kisha akatoka kwenda kumlisha nyumbu. Na yule nyumbu anaongeleshwa! Kila asubuhi nawasikia huko zizini, 'haya bibie, sogea kidogo bibie.' Mimi nikiambiwa 'mvua inakuja', hiyo ndiyo barua yangu ya mapenzi kwa mwezi mzima."

Mama Hester aliuma mdomo asicheke. "Wanaume wengine ndivyo walivyo."

"Baba hakuwa hivyo. Baba alikuwa anaimba."

"Alikuwa anaimba vibaya."

"Lakini aliimba! Huyu wangu jana jioni amerudi suruali imelowa matope mpaka mapajani. Nikamuuliza, umetoka wapi? Mitegoni. Samaki wako wapi? Kimya. Hata kambare mmoja hakuleta. Mtu mzima, kila Mei anaanguka mtoni kama mlevi, na mimi ndiye nafua."

Mama Hester aligeuka, uma mkononi, akamtazama binti yake kwa muda mrefu kuliko maneno hayo yalivyostahili.

"Kila Mei?"

"Mama, hayo ya suruali tuyaache. Nimechoka. Nina miaka ishirini na sita na nyumba yangu ni kimya kama stoo. Wewe ndiye uliyenichagulia huyu mtu."

"Na ningemchagua tena. Huyo Lonzo alisema akipata chumba atakuita. Miaka minane! Chumba gani hicho kinachotafutwa miaka minane?"

"Maisha ya kule ni magumu. Ila hakunisahau." Ardelia alishusha sauti. "Hata wewe unajua hakunisahau. Mchanga wa kaburi la Baba unajua umetoka wapi."

Mama Hester aliuweka uma chini.

Ezra Tolbert, baba yake Ardelia, alikufa kwa kuangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao mwezi wa Agosti, binti yake akiwa na miaka kumi na saba. Mei iliyofuata, mama na binti walikwenda makaburini na majembe yao, wakakuta kazi imekwisha. Nyasi zilikuwa zimeparuliwa mpaka mzizi wa mwisho, tuta limeinuliwa na kusawazishwa, na juu yake umemwagwa mchanga mweupe kama chumvi, pembeni umezungushiwa makombe ya kome wa mtoni. Na kila Mei tangu hapo ilikuwa hivyo hivyo. Mchanga wa aina ile ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye kona ya mto nyuma ya shamba la kina Vance. Mwaka ule wa kwanza Lonzo alikuwa bado yupo, akija kumwona Ardelia kila Jumapili na maua ya kuibia njiani. Septemba akaondoka, lakini mchanga ukaendelea kuja. Ardelia akapata jibu lake mwenyewe: alikuwa amewaachia binamu zake maagizo. Alikuwa amemsahau kwa barua, si kwa moyo.

Hakuwahi kuuliza, kwa sababu Mlima Nebo hakuna anayeuliza. Mtu akitengeneza kaburi la ukoo usio wake, hasemi, na wenye marehemu hawamtafuti. Ukimtafuta umemharibia sadaka yake. Watoto hufundishwa hivyo mapema, pamoja na kutokimbia kanisani.

"Kwa hiyo," Mama Hester alisema polepole, "miaka yote hii umesimama mbele ya kaburi la baba yako, mumeo yuko ubavuni na jembe, na wewe unamwona Lonzo?"

Ardelia aliona haya, lakini hakukana. "Ndiyo. Na sioni aibu tena. Mtu anayemkumbuka baba yangu namna hiyo, anaweza kukosa kunipenda?"

Mama yake alifungua mdomo, akaufunga. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika, lakini jikoni kulikuwa na moto na Ardelia hakutilia maanani.

"Maliza viazi," Mama Hester akasema.

*

Lonzo alipita saa nne kuchukua sanduku. Gari lake lilikuwa la rangi ya malai, limeng'arishwa mpaka kuku wa uani walijiona ndani yake. Aliwafungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote.

"Mama Hester, karibu upande. Hilo karai zito."

"Nimelibeba kabla hujazaliwa," alijibu Mama Hester. Akalipachika karai la kuku kiunoni, akashika njia kwa miguu. Ardelia alimfuata na bakuli la viazi. Hakutaka kufika makaburini ndani ya gari lile, si kabla watu hawajala.

Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza ardhi nyekundu kuwa ugali. Wanaume walikuwa wamesambaa kati ya makaburi wakiparua nyasi. Amos alikuwa upande wa mbali kabisa, kwenye safu za zamani ambazo hata jamaa wa waliozikwa walikwisha kufa. Mgongo wake mpana uliinama na kuinuka, na hakugeuka.

Kwenye meza, Dada Mozelle Crump alimpokea Ardelia bakuli, macho yakiwa miguuni pake.

"Delia, mbona leo umekuja kulima na viatu vya safari?"

"Vile vingine vimechakaa, Dada Mozelle."

"Oho. Na mume naye kachakaa?"

Wanawake wawili walikohoa ndani ya aproni zao.

"Mozelle," Mama Hester alisema, "kuku wako ameungua upande mmoja. Mgeuze watu wasione."

Ardelia aliwaacha na vicheko vyao. Alitaka kumuaga baba yake. Alipita kati ya matuta, akiinua sketi, na alipofika karibu na mwerezi uliogawanyika aliona mtu amesimama pale pale kwa baba. Ni Lonzo, kofia imeinamishwa kidogo, moshi wa sigara ukipanda juu ya bega lake. Ardelia aliharakisha hatua. Amekuja kumuaga Mzee. Hata kuambiwa hakuambiwa.

Alipokaribia zaidi akaona viatu. Vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, visafi kabisa, navyo vilikuwa juu ya mchanga.

"Delia! Njoo huku." Lonzo alimnyoshea mkono, na akamtazama kwa macho yale yenye kope ndefu ambayo zamani yalimfanya asahau ubeti wa tatu wa wimbo kanisani. "Njoo usimame hapa. Hapa tu ndipo pasipo na tope."

Ardelia hakuushika mkono. Labda amepitiwa, alijiambia. Ametoka kuzika bibi yake wiki mbili zilizopita, mawazo yako mbali.

"Lonzo, kabla hatujaondoka nataka kukuambia neno. Najua huku kwetu hatusemi, lakini mimi sitakuwa wa huku tena. Ahsante kwa mchanga."

Kope zilipepesa mara moja. "Mchanga."

"Wa miaka yote hii."

"Ah, mpenzi." Alitabasamu, tabasamu likafika taratibu. "Kwa ajili yako, mchanga ni kitu gani?"

"Ulimwagiza nani?"

"Binamu zangu. Yule Roscoe."

"Roscoe alihama miaka mitano iliyopita."

"Basi wadogo zake. Delia, tuna mwendo wa siku mbili mbele yetu, unaniuliza habari za mchanga?" Akakung'uta sigara. Majivu yalianguka katikati ya tuta, doa dogo la kijivu kwenye weupe.

Ardelia aliyatazama majivu yale.

"Baba yangu amelala wapi, Lonzo?"

Lonzo alicheka. "Swali gani hilo?"

"Nionyeshe tu."

Aligeuza shingo. Pale palikuwa na makaburi zaidi ya mia, mengi yakiwa na kipande cha mti tu kichwani, bila jina. Hatimaye akaelekeza sigara kwenye kijiwe kidogo safu ya tatu, chenye mwanakondoo aliyechongwa. "Si pale?"

"Pale amelala mtoto wa Dada Mozelle. Alifariki akiwa na wiki tatu."

"Basi ni hapo jirani yake, mimi sijaja huku muda..."

"Umesimama juu yake."

Lonzo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Viatu vyake vilizama kwenye tope, na nyuma yake zikabaki nyayo mbili, zimechorwa vizuri kuanzia kisigino hadi kidole.

"Haki ya Mungu sikujua! Hakuna hata jina!" Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alipoona uso wa Ardelia haubadiliki, aliacha kujitetea. "Sawa. Si mimi. Sikuleta, sikutuma mtu. Umenishukuru, ningesema nini? Na kama si mimi, kimebadilika kitu gani? Mimi nipo hapa. Nimeendesha maili mia nane."

"Uliendesha kuja kumzika bibi yako."

"Na nikabaki kwa ajili yako. Uongo?"

Haikuwa uongo, na hapo ndipo palipouma. Lonzo alisogea, akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa na madoido, sauti ambayo Ardelia hakuwahi kuisikia kwake.

"Kule ninakokaa, Delia, nikitoka kazini hakuna anayejua nilikuwa mtoto wa nani. Nikakuona kwenye mazishi, nikasema, yule ananijua. Sitaki zaidi ya hilo. Nitakutunza, nakuapia."

"Nimekupenda miaka minane, Lonzo."

"Najua, mpenzi."

"Hujui. Hukuwepo."

Akageuka, akarudi kwenye meza akipita katikati ya tope, sketi haikuinuliwa tena.

*

"Ni nani?"

Mama Hester alikuwa akikata keki. "Nani nini?"

"Mchanga. Ni nani anayeuleta?"

Dada Mozelle aliacha kijiko hewani.

"Ardelia, hapa hatuulizi," Mama Hester alisema.

"Mimi nauliza!"

Mama Hester alifuta kisu, akafuta mikono, akamshika binti yake kiwiko na kumpeleka nyuma ya kanisa, penye pampu ya maji. Pale alisimama wima, mikono imekunjwa, kama anayejiandaa kung'olewa jino.

"Nilimwona mwaka ule wa kwanza," akasema. "Nilikuja mapema, nikae na baba yako peke yangu. Nikamkuta anapanda kutoka mtoni, gunia begani, amelowa mpaka kiunoni. Kina Vance hawapendi watu wapite shambani kwao, kwa hiyo alikuwa akivuka maji. Aliponiona akavua kofia. Hakusema kitu, nami sikusema. Miaka miwili baadaye alipokuja kukuposa, nilimjibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Na unajua mwenyewe anavyochukua muda kumaliza sentensi."

Ardelia aliegemea pampu. Suruali zilizolowa. Kila Mei alikuwa amezisugua kwa mikono yake, akilalamika, tope la mto likitoka kwenye maji ya sabuni, na kesho yake alikuwa akienda kulia kwa siri mbele ya mchanga uliotoka kwenye tope lile lile.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ndiyo desturi."

"Mama!"

"Nilidhani unajua! Mke gani hajui mumewe analowa wapi? Leo jikoni ndipo nimegundua hujui, na hata hapo nikafunga mdomo kwa sababu nimezoea kuufunga. Nilikosea, Ardelia. Haya, nimesema. Usinitake niseme mara mbili, sina uzoefu."

Siku nyingine Ardelia angecheka. "Yeye kanyamaza, wewe umenyamaza, na mimi nikampa moyo wangu mtu asiyestahili kwa kukosa habari tu. Na sasa nifanye nini? Nirudi nikapike chakula cha jioni kwa sababu ya gunia la mchanga? Mchanga hauzungumzi na mtu wakati wa baridi, Mama. Miaka sita nimekuwa peke yangu katika nyumba ile na yeye akiwa ndani."

"Sikusema urudi."

"Unasemaje?"

"Nasema usiende na mtu kwa sifa ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo mimi sina la kusema. Mara ya kwanza nilikuchagulia, na tazama. Sasa habari unazo, chagua mwenyewe."

Ardelia alipampu maji, akanawa uso, akajifuta na aproni ya mama yake. Kisha akazunguka kanisa na kwenda moja kwa moja lilipo gari. Alifungua buti mwenyewe. Lonzo alimfikia sanduku likiwa tayari mkononi.

"Delia, usifanye hivi mbele ya watu."

"Safiri salama, Lonzo. Sikuchukii. Umekuja kutafuta mtu anayekujua, na mimi sikujui. Yule niliyemjua nilimtengeneza."

"Kwa hiyo unarudi kwa mkulima asiyejua hata kulitamka jina lako?"

"Hilo ndilo nakwenda kumuuliza."

Alivuka uwanja wote wa makaburi akiwa na sanduku, na kila jembe lilisimama alipopita. Amos alimwona akiwa mbali. Aliendelea kuparua nyasi mpaka sanduku lilipowekwa mbele ya jembe lake na hapakuwa na mahali pengine pa kuparua.

"Ni wewe," Ardelia alisema. "Mchanga."

Amos alitazama ardhi. "Hatusemi hayo."

"Mimi ni mkeo."

"Nilipoanza hukuwa mke wangu." Alinyamaza, na Ardelia, ambaye siku zote hapo ndipo alipokuwa akiondoka kwa hasira, safari hii alisubiri. Alisubiri mpaka mtu kwenye meza akaangusha sahani. "Nilikuwa nikivua na Mzee pale konani," Amos akasema. "Siku moja alijilaza, kofia usoni. Akasema mchanga huu ni laini kulalia kuliko kitanda cha Hester. Nikakumbuka."

"Na ukashindwa kuniambia hilo? Hilo tu? Miaka sita?"

"Nilidhani unajua." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Kila Mei ulikuwa ukifika pale, uso wako unabadilika. Unakuwa laini. Mwaka mzima sikuwa nikiuona uso ule, ila siku hiyo. Nikasema, anajua, na ndivyo anavyoniambia. Ikawa inanitosha."

Ingekuwa rahisi kunyamaza, kumwachia siku zake nane za Mei. Lakini nyumba yao ilikuwa imekwisha kujaa mambo yasiyosemwa.

"Amos, nilikuwa namfikiria Lonzo. Nilidhani ni yeye."

Jembe liliteremka polepole mpaka likalala chini.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Alipokea jibu hilo kama anavyopokea gunia begani, kwa kupanua miguu kidogo. Mdomo wake ulitetemeka upande mmoja. Ardelia hakuwahi kuuona ukifanya hivyo.

"Basi," Amos akasema, "basi nilikuwa najidanganya."

"Wote tulikuwa. Na leo asubuhi? Kwa nini hukunizuia? Unanitolea koti!"

"Nilikupata kwa kuwa mama yako alisema ndiyo. Wewe sikukusikia ukisema. Nikawaza, safari hii aende anakotaka mwenyewe." Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini sikutaka upigwe na baridi. Ndilo neno nililolipata, Ardelia. Mengine yalinikwama."

Alikuwa amelitamka jina lake. Zima, silabi zote nne, hadharani. Machozi yalimtoka Ardelia na hakujisumbua kuyafuta.

"Sirudi nyumbani," akasema. "Usinishike, nisikilize. Sirudi leo. Hujawahi kunichumbia, Amos Rucker. Ulikuja, ukaongea na Mama dakika kumi, mimi niko jikoni nachemsha kahawa, nikatoka nikaambiwa nina mchumba. Nakwenda kwa Mama. Kama unanitaka, kesho baada ya ibada uje, ubishe mlango wa mbele, ukae sebuleni kama wanaume wengine, uniambie mwenyewe kwa mdomo wako. Nami nitakujibu mwenyewe. Naweza kukataa."

"Unaweza," Amos alikubali. Alifikiri. "Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Niseme nini?"

"Sijui. Na sitakusaidia."

Aliinama kulichukua sanduku kwa mazoea, lakini Ardelia aliliwahi. Akapita mbele ya meza, penye saladi yake ambayo hakuionja.

"Jamani!" Dada Mozelle hakuweza kujizuia. "Mwanamke amekosa Detroit na nyumbani kwa mpigo!"

"Nihifadhie keki, Dada Mozelle," Ardelia alijibu bila kusimama. "Na kesho usiniletee mwenyewe. Nitakuwa na mgeni."

Njiani gari la rangi ya malai lilimkuta. Lilipunguza mwendo, likaenda sambamba naye hatua kumi, kumi na tano. Ardelia alisogea ukingoni kulipisha. Injini ikanguruma, matope yakaruka, na barabara ikawa yake.

Nyumbani aliingia chumba alicholala akiwa msichana. Alitundika magauni yake moja baada ya jingine kwenye misumari ile ile, akalisukuma sanduku tupu chini ya kitanda. Kisha akaenda sebuleni, chumba ambacho mama yake alikifunga tangu msiba na kukifungua kwa mchungaji peke yake. Akasukuma madirisha mpaka bawaba zikalia. Akapiga vumbi mito, akafagia, akaweka viti viwili katikati, vinatazamana. Vilikuwa karibu mno, akakivuta kimoja nyuma. Sasa vilikuwa mbali. Akakirudisha, akakigeuza kielekee dirishani, ili atakayekikalia saa tisa aonekane uso wote anapozungumza.